Usipochapa jina lako, kuna mtu atakuchapia

Juzi nilikuwa saiba ya mtaani kwetu, ile iko karibu na steji, na nikaona kitu ambacho hakijanitoka kichwani wiki nzima. Dada mmoja, umri kama wangu hivi, ameingia na simu mkononi. Fomu iko kwa simu, PDF ametumiwa WhatsApp. Akaomba iprintiwe. Kurasa sita, shilingi kumi kila moja. Akaazima kalamu, akajaza akiwa amesimama, karatasi zimelazwa juu ya mashine ya fotokopi. Akakosea tarehe ya kuzaliwa, ukurasa wa pili ukaprintiwa tena. Alipomaliza akaomba zote ziskaniwe, shilingi ishirini kwa ukurasa, zitumwe kwa imeli yake, ndio azitume kule fomu ilikotoka.

Piga hesabu. Shilingi 190, dakika kama arobaini. Faili imetoka kwa simu, ikapita kwa printa, ikapita kwa kalamu, ikapita kwa skana, ikarudi kwa simu ile ile. Kilichoongezeka ni mwandiko wake, na hata huo ulikuwa umekatwa pembeni kwa sababu karatasi ya mwisho iliwekwa upande.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimechungulia ile fomu ikiwa kwa kompyuta kabla iprintiwe. (Najua, tabia mbaya, lakini foleni ilikuwa ndefu.) Ilikuwa na visanduku vya rangi ya samawati hafifu. Yaani mtu alikaa mahali akaitengeneza ijazwe kwa kuchapa. Unabonyeza kisanduku, unaandika, unasonga. Jamaa wa saiba aliviona pia, nina uhakika. Lakini hakusema kitu, na simlaumu, hiyo ndiyo unga wake. Mimi pia sikusema kitu, na hapo najilaumu.

Kwa hivyo leo naongea. Fomu ikikujia kama faili, na itarudi kama faili, kuijaza kwa kalamu ni kujidhulumu mwenyewe. Na najua kuna mtu anasoma hapa anasema "lakini si ni kalamu tu, kwani iko nini?" Ngoja nikuambie iko nini.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili. Fomu za basari zikatoka, mamangu akachukua moja, akaijaza yeye mwenyewe usiku baada ya kazi. Mamangu ana mwandiko mzuri, ule wa kulala upande mmoja, wa watu waliofundishwa na walimu wenye fimbo. Akajaza kwa uangalifu, akaenda kwa chifu ikapigwa muhuri, akaenda kwa pasta ikatiwa sahihi, akarudi kwa shule ikapigwa muhuri mwingine. Siku tatu za kuomba ruhusa kazini. Akapeleka.

Majina yalipobandikwa, ya bro hayakuwa. Mamangu akasema basi, wako wengi wenye shida kutuliko, hiyo ni ya Mungu. Akakopa kwa chama.

Muhula ukaisha. Muhula mwingine ukaanza. Ndipo mhasibu wa shule akapiga simu kuuliza kama tunajua kuna pesa imekuja kwa namba ya usajili ambayo haina mwanafunzi. Namba ya bro ilikuwa na saba katikati. Saba ya mamangu haina ule mkwaju wa katikati, ni saba tupu, na ukiitazama haraka ni moja. Jina nalo lilikuwa limepinda kidogo, herufi moja imebadilika, kwa hivyo hata kwenye ile orodha iliyobandikwa huenda lilikuwepo tukalipita na macho. Tulipoenda ile ofisi, karani alitoa fomu kutoka kwa faili, akaiangalia, akaangalia kompyuta, akasema, "Mama, hii ni moja ama ni saba?" Mamangu akasema ni saba. Karani akasema, "Mimi niliona moja."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu mpole hata. Nyuma yake kulikuwa na fomu zimepangwa mpaka juu ya dirisha, na alikuwa anazichapa peke yake kwenye Excel, moja baada ya nyingine. Ukimaliza fomu ya mia nne, hata jina lako mwenyewe utalisoma vibaya. Ikarekebishwa, ilichukua muda, lakini riba ya chama hakuna mtu aliyeirudisha.

Hapo ndipo akili yangu ilifunguka. Nilikuwa nadhani kuna fomu za mkono na fomu za kompyuta, vitu viwili tofauti, kila mtu achague anachopenda. Sivyo. Siku hizi karibu kila fomu inaishia kwa kompyuta. Ile umejaza kwa kalamu pia itachapwa. Swali ni nani atachapa. Utachapa wewe, unayejua kwamba jina lako lina H mwishoni na kwamba namba yako ina saba? Au atachapa mtu asiyekujua, saa kumi jioni, akiwa na njaa, akikisia?

Kama huamini, kumbuka 2019. Mwaka mmoja, serikali moja, njia mbili. Aprili na Mei tulipiga foleni ya Huduma Namba. Ulikuwa unapewa fomu ya karatasi, unajaza kwa kalamu ukiwa umeegemea mgongo wa mtu aliye mbele yako, halafu ukifika kwa meza karani anachukua hiyo karatasi na kuandika yale yale tena kwenye kifaa chake. Kazi moja imefanywa mara mbili na watu wawili. Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu nyingi, lakini hiyo ilikuwa mojawapo, na niliisimamia kwa miguu yangu. Niliandamana na mamangu, nikashika karatasi za familia nzima.

Halafu Agosti mwaka huo huo ikaja sensa, na hiyo ilikuwa ya kwanza Kenya kufanywa bila karatasi. Mtu amekuja mlangoni na tableti, anauliza, unajibu, anachapa hapo hapo ukimwangalia. Ukisema "hapana, si hivyo, ni watoto watatu," anarekebisha mkiwa bado mnaongea. Usiku wa sensa ulikuwa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, na kufikia mwanzo wa Novemba matokeo ya kwanza yalikuwa yametoka: watu milioni 47.6. Sensa ya kabla ya hiyo, ya 2009, ilikuwa ya karatasi. Ilifanywa Agosti pia. Matokeo yake yalitangazwa Agosti mwaka uliofuata. Sisemi tofauti yote ni tableti, kuna mambo mengine kwenye sensa ambayo siyajui ndani nje. Lakini miezi miwili na mwaka mzima si kitu kimoja.

Na makosa ya mwandiko hayaishi kwa basari. Unajua ni watu wangapi wanatembea na majina ambayo wazazi wao hawakuwapa? Ukizaliwa hospitalini, nesi anajaza ile fomu ya taarifa ya kuzaliwa kwa mkono. Halafu mtu mwingine anaisoma, anachapa cheti. Nina rafiki ambaye baba yake ni Ochieng, cheti kinasema Ochiery. Angalia "ng" ya kuandikwa haraka, utaona "ry" ndani yake. Kwa kitambulisho akaandikwa Ochieng kwa sababu alijitamkia mwenyewe. Sasa kila mahali anapoomba kazi anaulizwa hawa ni watu wawili ama mmoja, na amelipa wakili hati ya kiapo kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Anaitembeza kwa begi kama dawa ya pumu.

Sasa, upande wa pili. Nimeongea na watu wazima kuhusu hii kitu na kuna mambo wanasema ambayo siwezi kuyapuuza.

La kwanza ni heshima. Mamangu anaamini kwamba ombi lililoandikwa kwa mkono linaonyesha mtu amejishughulisha. Fomu ya kuchapwa, kwake, inaonekana kama kitu umeagizia mtu akufanyie. Nikamwambia, "Mum, yule anayesoma haangalii mwandiko, anatafuta namba." Akaniambia, "Wewe baba, unajuaje anatafuta nini?" Na kweli, sijui. Kuna barua ambazo bado ningeandika kwa mkono. Rambirambi, kwa mfano. Au kumwomba mtu msamaha. Lakini fomu si barua. Fomu haikuombi moyo wako, inakuomba namba ya kitambulisho na lokesheni ndogo.

La pili lina uzito zaidi: si kila mtu ana kifaa. Ukiniambia shosho wa ushago achape fomu ya pesa za wazee, tutagombana. Ofisi ikifuta karatasi kabisa, inafungia watu mlango, na wanaofungiwa ni wale wale waliofungiwa milango mingine. Karatasi ibaki kwa anayeihitaji. Lakini wewe unayesoma hii, unaisoma na nini? Una simu. Faili iko ndani yake. Wewe si shosho, wewe ni mvivu kidogo tu, kama mimi nilivyokuwa.

Hata ile hoja ya gharama inageuka ukiiangalia vizuri. Watu husema kompyuta ni ya wenye pesa, kalamu ni ya kila mtu. Kalamu ni shilingi ishirini, sawa. Lakini kalamu ikikutana na faili, inaleta marafiki: printa, skana, nauli, muda. Yule dada wa 190 alikuwa anajaza fomu moja. Ukiwa unatafuta atachimenti na unaomba mahali kumi na tano, ambayo ndiyo kawaida siku hizi, hiyo ni karibu elfu tatu. Pesa ya mtu ambaye bado hana kazi.

La tatu ni sahihi. "Si lazima nitie sahihi kwa mkono?" Hapa wengi wetu tumekwama miaka ya zamani. Sheria ya Kenya ilishasonga. Sheria ya mawasiliano imetambua sahihi za kielektroniki kwa miaka mingi, na 2020 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za biashara yaliyoziingiza mpaka kwenye sheria ya mikataba. Kwa mambo mazito kuna kiwango cha juu cha sahihi ya kielektroniki, inayotoka kwa kampuni zilizopewa leseni, na si ile ya kuchora kwa kidole. Lakini kwa fomu ya atachimenti, ile ya kuchora kwa kidole kwenye kioo cha simu mara nyingi inapokelewa bila mtu kupepesa jicho. Uliza kwanza. Kuuliza ni bure.

Kwa fomu inayohitaji chifu, pasta na mwalimu mkuu, hakuna namna, mihuri ya hapo ni ya wino. Lakini hata hiyo, chapa sehemu yako kwanza, kisha uiprinti mara moja, kisha upeleke kwa mihuri. Majina na namba zitakuwa zinasomeka hata na mtu amesinzia. Ndivyo tulivyofanya mara ya pili na bro. Chifu aliiangalia akauliza, "Hii mmetoa wapi?" kana kwamba tumekuja na fomu feki. Ilikuwa ile ile fomu yao.

Sasa ofisi. Maze, ofisi.

Kuna fomu nilitumiwa mwaka jana, PDF, na juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa: JAZA KWA WINO MWEUSI. Wino mweusi, kwa simu. Mtu alichukua fomu ya karatasi ya zamani, akaiweka kwa skana, akaituma, akasema sasa tumeenda dijitali. Hiyo si fomu ya dijitali. Hiyo ni picha ya karatasi. Tena ilikuwa imeskaniwa ikiwa imepinda, na kwa kona kulikuwa na alama ya kikombe cha chai.

Teknolojia ya kuweka visanduku vya kujaza ndani ya PDF si ya jana. PDF yenyewe ilitolewa na Adobe mwaka 1993, na visanduku vya kujaza vikaongezwa 1996. Wengi wetu tunaosoma hapa hatukuwa tumezaliwa. Na huhitaji kulipia programu ghali kuvitengeneza, LibreOffice inatoa PDF yenye visanduku na ni ya bure. Kwa hivyo ofisi ikikutumia picha ya karatasi, ukosefu wa pesa si sababu. Ni kwamba hakuna mtu ndani yake amewahi kujaza fomu yao wenyewe.

Na hata waliotengeneza fomu za mtandaoni vizuri, kuna mahali wanatukosea. Mwulize mtu yeyote anaitwa Ng'ang'a ama Wang'ombe ama Nyang'au. Unaandika jina lako la ukoo, lile babu yako alitembea nalo, na kompyuta inakuambia kwa rangi nyekundu: herufi hii hairuhusiwi. Ile alama ndogo juu ya ng' si mapambo. Ukiitoa, sauti inabadilika, na kwa Kiswahili pia, ng'ombe si ngombe. Lakini mfumo uliandikwa na mtu aliyefikiria majina yote duniani ni kama Smith. Kwa hivyo unaitoa, halafu kitambulisho kinasema moja na mfumo unasema nyingine, na tumerudi kwa wakili wa hati ya kiapo. Hapo kalamu ilikuwa na ubora, nakubali kabisa. Kalamu haijawahi kumkataza mtu kuandika jina lake.

Kuna na ile kalenda ya kuchagua tarehe ya kuzaliwa, inayoanzia mwezi huu. Mamangu alizaliwa 1974. Unabonyeza mshale kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Nimewahi kufika 1988 kidole kikateleza ukurasa ukajifungua upya. Na zile zinazotaka majina mawili tu, la kwanza na la mwisho, wakati Kenya hii mtu ana matatu, na wengine manne, na yote yako kwa kitambulisho.

Serikali ilitangaza 2023 kwamba imeweka huduma zaidi ya 5,000 mtandaoni kupitia eCitizen. Sawa, ni kazi kubwa. Lakini kuweka huduma mtandaoni na kuiwezesha imtambue Wang'ombe ni kazi mbili, na ya pili bado haijaisha.

Basi, kwa wale wako tayari kuacha kuprinti, kuna mitego mitatu ambayo iliniumiza mimi na sitaki ikuumize wewe.

Mtego mkubwa ni kujaza mahali ambapo hapahifadhi. Unafungua PDF ndani ya WhatsApp ama kwa imeli, unaona unaweza kuandika, unajaza yote, unatuma. Mtu wa upande ule anafungua anaona fomu tupu. Ilinitokea na ombi la atachimenti, na sikujua mpaka nikapigiwa simu na mama mmoja mwenye subira ya ajabu, akaniambia, "Kijana, umetutumia fomu yetu." Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa hivyo kwanza hifadhi faili kwa simu ama kompyuta, uifungue kwa programu ya kweli ya PDF. Ile ya Adobe ya simu ina sehemu ya kujaza na kutia sahihi bila malipo, na inakubali hata zile picha za karatasi, unaweka maandishi juu yake. Kwa kompyuta, hata Firefox na Edge zinatosha. Ukimaliza, iprinti kama PDF, yaani unachagua kuprinti lakini pale pa printa unachagua kuhifadhi kama PDF. Hiyo inagandisha majibu yako yasipotee njiani. Halafu jitumie mwenyewe kwanza, uifungue kwa simu nyingine. Ukiyaona, na wao watayaona.

Mtego wa pili ni fomu za Word, zile zenye mistari ya kujazia: Jina, halafu mstari mrefu. Ukianza kuandika, mstari unasukumwa, unaruka chini, unavuta na mstari wa jirani yake, fomu nzima inatapika. Usipigane nayo. Futa kamstari kadogo kadogo kadiri unavyoandika, ama futa mstari wote, andika jibu, kisha ulipigie mstari chini. Itakaa kama iliandikwa hivyo tangu mwanzo.

Wa tatu ni simu yenyewe kujifanya mwerevu. Simu yangu inaamini kwamba Achieng ni kosa la Kiingereza. Ile ya kujaza yenyewe nayo inaweza kukuwekea imeli ya mamangu mahali pako kwa sababu siku moja uliitumia kumsaidia. Zima hizo vitu ukijaza fomu. Kisha soma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, kama unamsomea mtu namba ya M-Pesa ya pesa nyingi. Maana kuchapa hakukuzuii kukosea. Tofauti ni kwamba kosa litakuwa lako, na utaliona kabla halijaondoka.

Na kama huna laptopu na lazima uende saiba, nenda, lakini chapa mwenyewe. Kaa kwa kiti, lipa muda wako. Usimpe jamaa kitambulisho akuchapie halafu uende kununua smokie. Ukimaliza, toka kwa imeli yako, futa fomu kutoka mahali faili zinashukia, kisha ufute tena kutoka kwa pipa la taka la kompyuta. Nimewahi kukaa kwa kompyuta ya saiba nikapata vitambulisho vya watu kumi na moja, pande zote mbili, picha safi. Tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ni nzuri, lakini sheria haiwezi kukimbia kukufutia faili umeiacha wazi kwa meza ya watu.

Yule dada wa saiba sijamwona tena. Nikimwona nitamwonyesha vile visanduku vya samawati, hata akinitazama kama mwendawazimu.

Nyumbani, mwezi uliopita, fomu ya basari ya mdogo wetu wa mwisho ilikuja, safari hii kwa kikundi cha WhatsApp cha wazazi, PDF. Nikataka kuijaza haraka nimalize. Mamangu akasema hapana, nionyeshe. Akavaa miwani, akaweka simu juu ya meza kama anataka kuipima, akaanza na kidole kimoja. Ilichukua saa nzima na robo. Kila kitu kwa herufi kubwa, kwa sababu anasema hivyo ndivyo fomu hujazwa. Alipofika kwa namba ya usajili alisimama, akanitazama juu ya miwani, akachapa saba, akaivuta na vidole viwili mpaka ikajaa kioo chote cha simu.

"Hii," akasema, "wataona ni nini?"